Chakula Walichompikia Mama Yako

Wambui mwanangu,

Umeenda Kawangware kusukwa nywele, na najua kusukwa kwako ni kazi ya mchana mzima, kwa hivyo nimekalia meza ya kulia chakula niandike kabla hujarudi. Mambo ya sweta, pasipoti na nambari za dharura sitayagusa. Shangazi yako ameyasema mpaka mimi nimeyakariri, na mtu anayekwenda kuwa muuguzi Ujerumani hahitaji mwenye duka la misumari amfundishe kuvaa soksi.

Nataka kujibu lile swali lako la jikoni. Ulinishikia simu mbele ya macho, picha imejaa kioo kizima, ukaniuliza, "Baba, ulikuwa unacheka nini?" Nikasema ni picha tu. Ukasema, "Kaburi ya Mama haijaota hata nyasi, na wewe uko bichi unacheka. Tena tisheti yake ndiyo umevaa." Tangu siku hiyo umeishi humu kama mpangaji mwenye adabu: unasalimia, unanunua stima ikiisha, unafunga mlango wako. Kesho unaondoka, na mimi sitaki uondoke ukiamini kwamba baba yako alimzika mkewe akaenda Zanzibar kujivinjari. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Naanza vizuri, halafu najisikia nakuuliza kama umekula.

Safari ile haikuwa yangu, hilo unalijua. Ilikuwa ya mama yako na chama chake cha kanisani. Yeye ndiye aliyewatia wenzake hayo maneno ya Zanzibar kichwani, yeye ambaye bahari aliijua kwa kalenda ya ukutani. Walichanga pole pole, wakakodi basi hadi Dar, wakalipia boti na vyumba, na tisheti za rangi ya chungwa zikachapishwa, kila mama na jina lake mgongoni. Halafu figo za mama yako zikakataa kungoja.

Baada ya mazishi Mama Kevin, mwenyekiti wao, alikuja hapa na wenzake wakajipanga kwenye kochi. Ulikuwa shuleni kwako. Akasema, "Baba Wambui, kiti cha marehemu kiko. Hatuwezi kukiacha kikae bure njia yote hadi Dar, tutakuwa tunakiangalia tu na kulia, hata Namanga hatutafika. Wewe ndiye mtu wake. Utaenda."

"Nitafanya nini mimi katikati ya akina mama?"

"Utakaa," akasema. "Kwani hapa unafanya nini?"

Nilienda kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu. Usifikiri nilikuwa na huzuni, Wambui. Huzuni naijua, nilimzika baba yangu nikiwa na umri kama wako. Safari hii sikuwa na kitu. Nikiambiwa kaa, nakaa. Nikipewa chai, nakunywa, na ungenipa maji ya kuoshea vikombe nisingejua tofauti. Siku ya mazishi pale shambani Dagoretti wewe ulilia mpaka binamu zako wakakushika huku na huku, na mimi nilikuwa nazunguka nikiuliza nani ana funguo ya choo cha wageni. Watu wakasema Baba Wambui amejikaza kiume. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Najua uliniona siku hiyo, na najua ulichoandika moyoni.

Basi nikapanda basi. Tisheti ilikuwa moja tu yenye nafasi yangu, nayo ilikuwa imeandikwa MAMA WAMBUI, saizi ya mama yako, ikanibana tumbo kama gunia la viazi lililojazwa kupita kiasi. Mama Kevin akasema lazima tuvae sare. Nikavaa. Namanga askari wa mpakani akausoma mgongo wangu, akanitazama uso, akagonga muhuri bila neno.

Tulifikia hoteli ndogo upande wa mashariki wa Unguja, kwenye kijiji cha wakulima wa mwani. Wenzangu waliingia baharini na leso zao na tisheti zao, wakishikana mikono na kupiga makelele ungesema ni watoto wa nasari. Mimi nilikalia kiti cha plastiki ufuoni na viatu vyangu vya ngozi na soksi. Vijana walipita wakiniuzia shanga, kofia, na ziara ya kwenda kuona pomboo. Nilisema asante, asante, mpaka wakanihurumia wakaenda zao. Bahari kila mtu ananiambia ni nzuri. Niliiona. Maji mengi.

Asubuhi ya pili nilitoka nikakuta bahari haipo. Yaani imerudi nyuma, imeacha mchanga na vidimbwi mpaka mbali kabisa, na akina mama wa kijiji wanatembea humo ndani na kamba zao za mwani. Nikafuata, viatu mkononi. Nilikuwa natembea tu, sikuwa na haja ya kufika. Nikarudi nikipitia nyuma ya nyumba zao, na hapo nikasikia sauti ya mwanamke imenifuata mgongoni.

"Weye mgeni! Hiyo fulana yako yasema Mama Wambui. Mbona mama si weye?"

Nikageuka. Alikuwa ameketi kibarazani, miguu ameinyoosha, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mama mnene wa umri wangu, macho ya ucheshi. Anaitwa Bi Zuwena. Mumewe, Mzee Haji, alikuwa pembeni akitengeneza redio.

Nikasema, "Ni mke wangu huyo."

"Na yuko wapi, mpaka umemvalia nguo zake?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa, Wambui, nilifungua mdomo. Kikatoka hiki: "Yuko hotelini. Amelala. Safari imemchosha."

"Maskini wee. Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, ameifunika kwa kawa, kile kifuniko chao cha ukili. "Mpelekee ale. Chakula cha hoteli hakimtoi mtu uchovu."

Ningefanya nini? Nikaibeba. Nikapita nayo katikati ya chama chote nikajifungia chumbani, nikakalia kitanda nikala. Unanijua mimi na samaki, hatupatani. Nilikula yule mpaka kwenye miiba, na nilimsikia ladha. Tangu mama yako aingie hospitali mara ya mwisho sikuwa nimesikia ladha ya kitu.

Ningeacha hapo yangekwisha. Lakini wewe na mimi tumelelewa na mwanamke mmoja, nyanya yako, na kwake chombo cha jirani hakirudi kitupu hata mvua inyeshe mawe. Akiletewa githeri, bakuli linarudi na ndizi. Basi nikasimama chumbani na ile sahani nimeshaiosha, natafuta cha kuweka ndani, na cha pekee nilichokiona ni zile sabuni ndogo za hoteli. Nikatia mbili. Nikampelekea Bi Zuwena, nikasema, "Mama Wambui anashukuru sana."

Akazinusa. "Zanukia. Mwambie nimefurahi." Na kabla sijaaga sahani nyingine ikawa imeshajazwa, muhogo wa nazi.

Nilikuwa narudi nayo ufuoni nilipomsikia mama yako. Si kwa masikio, sijapagawa. Lakini unajua mtu ukiishi naye miaka mingi unajua atasema nini kabla hajasema. "Sabuni, Baba Wambui? Mtu amekupikia samaki wa nazi, unamrudishia sabuni? Kwani umemwona mchafu?" Na ile sauti yake ya kuvuta neno la mwisho. Nikacheka peke yangu hapo mchangani. Mama Kevin alikuwa ametoka majini, leso inamwaga maji, akainua simu akanipiga picha akaitupa kwenye grupu ya chama, na shangazi yako akakutumia.

Ndiyo hiyo picha. Ndicho nilichokuwa nikicheka.

Siku zilizofuata sahani ziliendelea kuja, na nilikuwa na kazi moja tu: kufikiri mama yako Njeri angerudisha nini. Kazi hiyo sijawahi kuifanya maishani. Yeye ndiye aliyejua nani apelekewe nini, nani ana kisukari asipewe sukari, nani ataona majani ya chai ni dharau. Mimi nilikuwa nabeba tu. Sasa nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiumiza kichwa. Nikamwendea Mama Kevin, nikamwomba pakiti ya majani ya chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Akaniuliza ya nini. Nikasema, "Ya kurudishia chombo." Akanitazama, akanipa.

Bi Zuwena akaipika hapo hapo, akasema chai yetu kali, na akauliza, "Pweza wa jana kampenda?"

Nikasema, "Amesema chumvi kidogo." Kwa sababu angesema. Unajua angesema.

"Ala! Ana maneno huyo! Mgonjwa wa safari, kalala kitandani, na bado ana maneno!" Alicheka mpaka kamba ya mwani ikamtoka mkononi. Sahani iliyofuata aliniambia, "Mwambie leo nimetia chumvi ya kumtosha, asije akanisengenya Nairobi." Na mimi nikampelekea jibu, na yeye akajibu jibu. Aliuliza kama ana watoto. Nikamwambia habari zako, kwamba unasomea uuguzi, kwamba ukiambiwa kushoto unakwenda kulia. Akasema, "Mwambie mwenzangu na mie ninaye kama huyo, tubadilishane." Mzee Haji, ameinamia redio yake, akasema kwamba wanawake hawa wawili wakikutana kijiji hakitalala.

Mimi bado sikuwa na kitu ndani, nisikudanganye. Haikuwa furaha. Lakini mama yako alikuwa mzima, na alikuwa amepata shoga, na mimi nilikuwa mtu wa kati anayebeba sahani. Sikutaka kuamka hapo.

Halafu Bi Zuwena akasema, "Kesho mnaondoka. Mlete leo alasiri basi. Nimeshamjua ulimi, nataka nimjue uso. Nitapika hapa, mle hapa, nyote wawili. Akiwa hawezi kutembea nitakuja kwa miguu yangu nimsalimie hukohuko."

Nikaitikia. Nikarudi hotelini na sahani ya mwisho, nikala, nikaiosha. Nikakaa nifikiri Njeri angerudisha nini mara ya mwisho. Nilifikiri asubuhi nzima. Nilikwenda mpaka duka la kijiji nikatazama sukari, nikatazama unga wa ngano, nikatoka mikono mitupu. Jibu nilikuwa nalo ila sikulitaka. Safari hiyo Njeri hangetuma kitu. Angejifunga leso yake nzuri aende mwenyewe.

Kwa hivyo nilikwenda na sahani tupu.

Alikuwa ametandika mkeka kibarazani, vyakula vimepangwa, yeye amevaa kanga mpya. Alitazama nyuma yangu njiani. Halafu akaitazama sahani, akaona haina kitu ndani. Nikasema, "Bi Zuwena, hayupo. Alifariki. Tulishamzika kabla sijaja huku."

Mzee Haji akazima redio.

"Na chakula?" Bi Zuwena akauliza.

"Nilikula mimi."

"Chote?"

"Chote."

"Na ile chumvi?"

"Ni yeye angesema hivyo. Sikutunga."

Nilingoja anifukuze. Mtu aliyedanganywa ana haki ya kufukuza. Badala yake akauliza, "Jina lake? Maana Mama Wambui ni jina la fulana. Yeye mwenyewe aliitwa nani?"

Nikasema Njeri. Nilikuwa sijalitamka tangu mazishi. Hapa kila mtu anasema marehemu: kiti cha marehemu, vyombo vya marehemu. Bi Zuwena akalijaribu mdomoni, Njeri, akalirudia mpaka likamkaa, halafu akajifunika uso kwa kanga akalia. Si kilio cha adabu, cha kumpa pole mgeni. Alilia kwa sauti, akasema, "Nilishamzoea! Haji, nilishamzoea mie! Nimekaa nikimtengea chumvi!" Majirani wakatoka kuuliza nani kafa, na Mzee Haji akawajibu, "Rafiki yake Zuwena, wa Nairobi." Hakuna aliyeuliza zaidi. Waliketi. Walikuja wengi, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakampa pole yeye na wakanipa pole mimi. Mzee mmoja alileta kahawa. Chakula alichokuwa amemwekea mama yako Bi Zuwena alikigawa kwa mkono wake nyumba kwa nyumba, akisema kila mlango, "Hiki cha Njeri." Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi, na wao waliokuwa wanasali wakaenda kusali wakarudi.

Mimi sikulia. Nilikaa tu, miguu nimeinyoosha kama wao, namtazama mwanamke ambaye hajawahi kumwona mama yako hata kwenye picha akimlilia vile wewe ulivyomlilia. Nilikuwa naona kama natazama kwa dirisha la mtu mwingine. Mama Kevin na wenzake walinitafuta wakanikuta huko, wakaelezwa, na wao wakaketi wakaanza kulia upya. Siku ya kurudi basi letu halikuwa na kelele.

Nilifika nyumbani nikakukuta umesimama jikoni na ile picha.

Nimefikiri sana kuhusu kosa langu, Wambui, na halikuwa kumdanganya Bi Zuwena. Lile alinisamehe, aliniambia aliyekula ni mwenye njaa na yeye alipikia mwenye njaa. Kosa ni kwamba nilimwachia mgeni amlilie mama yako mbele yangu, na nikamwambia huyo mgeni kila kitu, mpaka mambo ya chumvi. Halafu nikarudi kwa mtu mmoja duniani anayemlilia kila siku nyuma ya mlango, na kwake sikuwa na neno ila kumuuliza kama amekula. Ulikuwa unangoja tumtaje. Nilikuwa nakusikia unavyongoja. Nikienda dukani mapema nilikuwa nakukimbia wewe, siyo foleni ya barabara ya Naivasha.

Hapa kwetu tulimzika vizuri. Mahubiri yalikuwa mazuri, watu walishiba, hema likakunjwa, viti vikarudi kanisani. Na jina lake tukalikunja pamoja na hema, wewe na mimi, kila mtu akidhani anamhurumia mwenzake. Huko uendako watu wataona picha yake kwenye meza yako watakuuliza ni nani. Sijui utawaambia nini. Ukiweza, waambie anaitwa Njeri na alipenda chumvi. Ukishindwa ukasema yuko nyumbani amelala, sitakushangaa, mimi wa kwanza. Na mtu akikuletea sahani, ipokee hata kama hujui kilichomo. Nilikuwa nadhani mgeni mzuri ni yule asiyemsumbua mtu. Nimeishi hivyo maisha yangu yote, hata humu ndani, nisikusumbue, usinisumbue, na tazama tulipofika.

Kesho nitakubebea sanduku hadi uwanja wa ndege na najijua, nitakuambia mambo ya sweta. Uvumilie. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Haya niliyoandika ndiyo nilitaka kusema, na nitayaweka mkononi mwako wewe mwenyewe, siyo kwenye mfuko wa sanduku.

Bado sijalia. Mchungaji anasema itakuja, Mama Kevin anasema itakuja, kila mtu ananingoja kama anangoja mvua. Inaweza kunipata dukani napima misumari, au barabarani, au hapa mezani nikila peke yangu. Ikija sitampigia mchungaji. Nitakupigia wewe, na sijui huko itakuwa saa ngapi, na huenda nisiweze kusema neno lolote, utasikia tu mtu mzima analia.

Usikate simu.

Baba yako